Friji ya Jirani na Tokeni za Ploti Nzima

BARUA

Mjomba, habari za siku nyingi? Sisi huku Manyatta, Kisumu, ni wazima, ila joto limetushika na majirani nusura washikane mashati.

Ninaishi kwenye ploti ya vyumba kumi, si mbali na Kondele. Ni zile za mabati unazozijua: vyumba vitano upande huu, vitano upande ule, mfereji katikati, choo na bafu mwisho wa uwanja. Maji hayatusumbui sana. Kinachotusumbua ni stima. Ploti nzima tuna mita moja ya tokeni. Mita yenyewe iko juu kwenye nguzo, lakini kile kidude cha kubonyezea namba kimo chumbani mwangu, kimechomekwa kwenye soketi nyuma ya kochi. Nilikikuta hapo nilipohamia. Aliyenitangulia alihama akakiacha. Basi bila kupigiwa kura nikajikuta mimi ndiye ofisi ya stima.

Kila Jumapili watu hunitumia mchango kwa M-Pesa, 150 kila chumba. Nikishapata 1,500 nanunua tokeni, naingia nyuma ya kochi nabonyeza namba ishirini, na tunapata uniti hamsini hivi. Zamani zilikuwa zinatufikisha Jumapili nyingine, tena wakati mwingine zinabaki. Sasa tangu baada ya Pasaka, Ijumaa jioni tuko gizani. Hapo ndipo mlango wangu hugongwa. Mtu hakuulizi umeshindaje, anauliza, "Mama, stima?" Kama nina pesa naongezea zangu ili mtoto wangu asikae gizani, kisha naanza kufuata watu na daftari. Wengine hulipa, wengine husema "kesho," na mmoja aliwahi kuniambia kwani nina uhakika gani kwamba sizili hizo pesa. Hivi sasa ploti inadaiwa nami 1,340.

Sasa, Mjomba, kuna mama mmoja wa chumba cha kwanza, karibu na lango. Sisi humwita Mama Barafu. Ana friji ndogo ya mlango mmoja, ya mtumba, aliyoileta Desemba. Anauza maji baridi, juisi ya ukwaju na barafu za watoto. Na kwa joto la Kisumu, wateja hawakauki langoni, kuanzia watoto wa shule hadi watu wa bodaboda wa pale steji. Yeye pia hulipa 150 kama sisi, na hulipa mapema kuliko wote.

Ijumaa moja mvua ilinyesha na radi nyingi, stima zikapotea. Tukadhani ni mji mzima, kumbe ploti ya jirani taa zinawaka. Watu wakakusanyika nje ya mlango wangu. Kijana wa chumba cha saba, ambaye kwa kawaida ni mpole na tena alihamia juzijuzi tu, Pasaka hii, ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. Alisema hatuwezi kumlipia mtu biashara yake, kwamba yeye ana balbu moja tu na simu ya kuchaji, na kwamba friji ing'olewe au mwenye friji alipe nusu ya tokeni. Wengine wakaitikia. Mmoja akamwita Mama Barafu mnyonyaji. Kusema kweli, huyo kijana namwonea huruma, maana hana jiko wala mtungi wa gesi, maisha yake ni ya kuanza. Ila ni mpishi, hilo nampa. Jioni maharagwe yake hunukia hadi kwangu.

Mama Barafu alisikiliza, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hanisalimii. Na hilo ndilo linaloniuma, Mjomba, kwa sababu mtoto wangu aliposhikwa na malaria usiku, ni yeye aliyembeba hadi barabarani tukatafuta gari. Maziwa ya mtoto wangu hulala kwenye friji yake. Kila Jumapili tukitoka soko la Kibuye, samaki wa nusu ya ploti hulala humo, ngege kwa mbuta, na hajawahi kumwomba mtu shilingi. Asubuhi baada ya ule mkutano nilifungua mlango nikakuta kikombe changu cha maziwa kizingitini, kimefunikwa na kisahani. Hakuna neno.

Mwenye ploti yuko Nairobi, simu zake hushika tarehe tano tu. Keateka anasema kazi yake ni lango na choo. Kuna fundi amekuja akatuambia kwa 3,000 anaweza kutuunganisha tuiruke mita, tusahau tokeni kabisa, na baadhi ya majirani wameshakubali kuchanga. Mume wangu, ambaye kazi yake ni ya barabarani na huja nyumbani mara chache, anasema nikichomoe hicho kidude nikifungie sandukuni wajue mimi si mama yao.

Niambie, Mjomba: nimwambie Mama Barafu aondoe friji, au nihame?

Ofisi ya Stima, Manyatta


MJOMBA ANAJIBU

Mpwa wangu, usihame, na friji iache hapo ilipo. Kabla ya yote niambie kitu kimoja: mtu asiye na jiko wala gesi anachemsha maharagwe kwa kutumia nini?

Soma tena barua yako. Friji iliingia Desemba. Januari tokeni zilitosha, Februari zilitosha, Machi zilitosha, na wewe mwenyewe unasema wakati mwingine zilikuwa zinabaki. Giza la Ijumaa limeanza baada ya Pasaka. Pasaka kulihamia nani? Yule yule mwenye balbu moja na simu ya kuchaji, ambaye maharagwe yake yanaiva bila moshi, bila makaa na bila gesi. Sijafika kwenye ploti yenu, na huenda kijana ana maelezo yake, lakini ningekuwa wewe ningetafuta koili ya kupikia kwa stima chini ya kitanda kabla ya kutazama friji ya mtu.

Tufanye hesabu, maana ugomvi wa stima haumalizwi kwa sauti. Uniti moja ni wati 1,000 zikifanya kazi saa moja. Koili ya kupikia, hata ile ndogo ya duara moja, haikosi wati 1,000. Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa hukaa motoni saa mbili na nusu bila haya. Hizo ni uniti mbili na nusu kwa sufuria moja. Akipika kila jioni, mwisho wa mwezi ni uniti 75. Ukinunua tokeni za 1,500 ukapata uniti hamsini, basi uniti moja kwenu ni kama shilingi 30. Maharagwe ya kijana yanakula 2,250 kwa mwezi. Yeye anachanga 600. Hayo ni maharagwe ya bei kuliko kuku wa kienyeji.

Balbu ya kisasa ya wati tisa ikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi mzima haifiki hata uniti moja na nusu. Simu usiitie hesabuni. Televisheni ndogo ni uniti saba au nane kwa mwezi kwa mtu anayeitazama kila jioni. Pasi ndiyo mlafi anayejificha, kwa sababu hutumika dakika chache. Nusu saa mara tatu kwa wiki ni uniti sita kwa mwezi. Mtu wa kawaida kwenye ploti yenu, mwenye taa, televisheni na pasi, hapiti uniti 15 sana.

Sasa friji. Friji ndogo haivuti stima muda wote, mota yake huwaka ikizima, na nyingi hula kama uniti moja kwa siku. Ya Mama Barafu mpe zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza ni Kisumu, na friji inayokaa chini ya mabati saa nane mchana haipumziki. Pili, mlango unafunguliwa kila mtoto anapokuja na shilingi kumi. Tuseme uniti 40 kwa mwezi. Ni 1,200. Ukijumlisha taa na televisheni yake, anatumia kama 1,500, naye analipa 600 kama nyinyi.

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Wema wa Mama Barafu haufuti hesabu. Anafanya biashara kwa stima ya watu wengine, na hata angekuwa malaika ingefaa aongeze mchango. Lakini humo ndani ya friji kuna nini? Kuna ngege wa chumba cha tatu, mbuta wa chumba cha tisa, na maziwa ya mtoto wako. Samaki wa moto akiingizwa humo jioni ya Jumapili, mota haizimi hadi usiku wa manane. Ploti inayomwita mtu mnyonyaji ingeanza kwa kwenda kuondoa samaki wake. Nashangaa hakuna aliyelisema hilo siku ile, wewe ukiwemo, nawe ndiye uliyekuwa na kikombe humo.

Kuna mwizi mwingine ambaye hamjamtaja, kwa sababu haonekani. Ni hiyo mita moja yenyewe. Bei ya stima ya nyumbani nchini ina ngazi. Tangu Aprili 2023, anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi yuko ngazi ya chini, anayetumia zaidi ya 30 hadi 100 yuko ya kati, na anayepita 100 yuko ya juu. Bei za msingi zilipotangazwa wakati huo zilikuwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti, kabla ya gharama ya mafuta, tozo na kodi ya VAT ya asilimia 16. Na mita haijui kwamba nyinyi ni jamaa kumi. Inachoona ni mteja mmoja anayekula uniti 200 na zaidi, inamweka kwenye ngazi ya tajiri mwenye nyumba ya ghorofa kule Milimani.

Piga hesabu uone. Uniti 200 kwa ngazi ya juu, kwa zile bei za msingi, ni 4,194. Uniti hizo hizo zikigawanywa kwa mita kumi, kila moja uniti 20, ni 2,444. Tofauti ni 1,750 kila mwezi, kabla ya kodi. Yaani hata mngezima friji na kumfukuza kijana na maharagwe yake, bado mngekuwa mnalipa stima ya kimaskini kwa bei ya kitajiri. Mtu wa balbu moja, ambaye angefaa kulipa kidogo kuliko wote nchini, ndiye anayeumia kuliko wote. Hili limejaa Manyatta, Nyalenda na Obunga, na kote huko utasikia watu wakilaumiana kuhusu pasi.

Dawa yake iko kwa mwenye ploti. Tarehe tano anaposhika simu, usimpe malalamiko, mpe hizo hesabu. Mita za kila chumba huombwa na mwenye nyumba: nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, na cheti cha fundi aliyepewa leseni na EPRA, mamlaka ya kawi, kuonyesha kwamba waya za ndani zimefanywa sawasawa. Ni gharama kwake, ndiyo, na huenda akasita. Mwambie ploti yenye mita ya kila chumba haikai tupu, na keateka wake hatapigiwa simu za giza tena. Akikataa kabisa, muombe walau mita ndogo za ndani, zile fundi wa stima hufunga kwenye waya wa kila mlango, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini. Hizo hazitawashusha ngazi, kwa maana mita kubwa itabaki moja, lakini kila mtu ataona alichokula kwa macho yake. Na ikifika hapo, ugomvi wa maharagwe utakuwa umekwisha wenyewe.

Hayo yatachukua muda. Wiki hii anza na kijana.

Usimwendee na watu, na usimwandikie kwenye group. Mtu akiaibishwa mbele ya majirani tisa atakataa hata kama koili imo mkononi. Mwendee peke yako jioni, na umsalimie vizuri. Unaweza kusema hivi: "Ndugu yangu, nimeangalia stima inavyokwenda. Ni mimi ninayenunua tokeni kwa hiyo naona. Kuna chombo kikubwa kinachowaka jioni, na si friji. Nimekuja kwako kabla sijamwambia mtu." Kisha nyamaza. Usimtaje koili, mwache aitaje mwenyewe. Kama hana, atakuonyesha anachopikia na utakuwa umejua. Kama anayo, mpe njia ya kutokea: alipie inavyokula, au aiweke kando anunue mtungi wa kilo sita, au afanye kama makapera wengi wa Kondele wanavyofanya, anunue maharagwe yaliyochemshwa kwa akina mama wa jioni akaangie kitunguu tu. Jiko la makaa nje mlangoni pia si aibu. Na maharagwe yalowekwe usiku kucha, hilo hata mwenye gesi alijue.

Akibisha kwamba hana kitu, kuna njia ya kupima bila kumvunjia mtu mlango. Kidude si kiko kwako? Kinaonyesha uniti zilizobaki. Andika namba saa moja jioni, andika tena saa nne usiku. Fanya hivyo siku anapopika na siku ambayo hayupo. Friji iko pale pale siku zote mbili, taa ziko pale pale. Kama siku moja zimekwenda uniti mbili au tatu zaidi, hutahitaji kumuuliza mtu.

Kwa Mama Barafu ni jambo jingine, na nakuomba usiende huko na daftari. Kile kikombe kioshe, na unajua kwetu chombo cha mtu mzima hakirudi kitupu kwake. Hata kama kikombe ni chako, mpelekee kitu, mayai au sukari ya robo. Mwambie waziwazi kwamba siku ile ulinyamaza na kunyamaza kule kulikuwa vibaya. Halafu acha siku mbili zipite ndipo uzungumze pesa. Ukizichanganya, ataona radhi umeileta ili upate mchango. Pesa zenyewe, mimi naona aanze na 300 kwa wiki badala ya 150. Haifikii anachotumia, lakini ninyi wengine wenye samaki kila mmoja aongeze ishirini za friji. Nadhani ukimweleza hivyo atakubali, kwa sababu mtu anayelipa mapema kuliko wote hakatai kulipa, anakataa kutukanwa.

Sasa wewe na hiyo ofisi. Hapa ndipo ninapokugombeza kidogo. Hakuna sababu ya pesa za watu kupita kwenye simu yako. Namba ya mita iko, na mtu yeyote mwenye M-Pesa anaweza kununua tokeni za mita hiyo mwenyewe, paybill 888880, akaunti ni namba ya mita. Tokeni inakuja kwa simu yake. Kila chumba kinunue 150 zake Jumapili, kitume zile namba ishirini kwenye group wote waone, nawe hutashika hata senti. Yule aliyesema unazila pesa hatakuwa na la kusema, na asiyenunua ataonekana bila wewe kufungua daftari.

Ni namba nyingi za kubonyeza, najua, ndiyo maana kidude nacho kihame. Vingi vya aina hiyo huongea na mita kupitia waya ule ule wa stima, kwa hiyo hufanya kazi kwenye soketi yoyote inayotegemea mita hiyo. Kijaribu chumbani kwa keateka. Kikishika, kiache huko, na yeye asamehewe mchango wa wiki ili asikuambie tena kazi yake ni lango na choo. Kila mtu aende kubonyeza namba zake mwenyewe. Mume wako ana haki kwa nusu: kidude kitoke kwako, lakini kikienda sandukuni utakuwa umewazimia stima wote, na mtoto wako pia.

Fundi wa 3,000 mfukuzeni. Kuiruka mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na watu wa kampuni ya stima wakija kukagua wanaojibu ni waliokutwa ndani, si fundi, ambaye siku hiyo namba yake haitapatikana. Lakini hata ukiweka sheria pembeni, fikiria nyumba zenu. Ni mabati juu na mabati kando. Waya wa wizi mara nyingi haupiti kwenye breka, na hapo hakuna kinachokata stima mambo yakiharibika. Waya huo ukichubuka na kugusa bati, ukuta mzima unabeba stima, na mvua ya Kisumu unaijua inavyokuja, jioni, kwa upepo, watoto wakiwa nje wanakimbilia kuanua nguo. Atakayegusa ukuta kwanza ni mtoto. Waambie walioshachanga warudishiwe zao leo, na hapo usiogope kusema kwa sauti, kwenye group, mbele ya wote.

Mkiwa mnapitia waya, waambie pia wakague ekstensheni. Kama friji ya Mama Barafu na redio na pasi zote ziko kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, shika ile plagi uone kama inachoma mkono. Ikichoma, friji ipewe soketi yake ya ukutani peke yake.

Imebaki ile 1,340. Usiidai kwa maneno. Hesabu ni za nani kwenye daftari, na Jumapili ya kwanza ya utaratibu mpya wenye deni wakutumie zako kwanza ndipo wanunue tokeni zao. Kama chumba cha saba kinadaiwa, kianze chenyewe. Atalalamika. Mwambie unamdai ya stima, ya maharagwe hujamhesabia.

Mjomba